Mjukuu wa Akida wa Ngome ya Safa

Jumatano, 1 Juni 1966. Matrah, Omani

Leo nimepanda Ngome ya Safa kwa mara ya kwanza. Umri wangu ni miaka sitini na minne, na miaka thelathini katika hiyo nimeisimulia ngome hii kwa watoto wa skuli, Unguja, bila ya kuiona. Nilikuwa nikiichora ubaoni kwa chaki, mnara wa duara upande wa kulia. Uko kushoto.

Ngome ni ndogo kuliko nilivyofundisha. Imekaa juu ya jabali jeusi nyuma ya mtaa wetu kama kofia iliyovaliwa upande. Vidato vyake ni mia na arobaini na mbili, na hakuna viwili vilivyolingana kimo. Nilidhani ni ufundi mbovu. Mlinzi wa ngome, Marhoon, aliyenisubiri juu akinitazama nnavyohema, akanambia ni makusudi: adui anayepanda mbio asipate mwendo.

"Na mzee je?" nikamuuliza.

"Mzee hapandi mbio, Maalim. Mzee hupanda na kulaumu."

Anazungumza Kiswahili cha zamani cha Pemba. Alikwenda huko kijana kuchuma karafuu, akakaa miaka saba, akarudi. Mlango wa ngome ni mfupi, kila aingiaye huinamisha kichwa, na juu yake pana tundu. Adui akiinama hapo, waliokuwa ndani wakimmiminia asali ya tende iliyochemka. Asali hiyo ilikuwa ikipatikana katika chumba cha pili, ambacho sakafu yake ina vifereji: magunia ya tende yakipangwa juu kwa juu, yakakamuana yenyewe kwa uzito wao, na asali ikashuka taratibu hadi kwenye mtungi. Chumba kimekuwa kitupu miaka mingi na bado kinanukia utamu.

Nikasema Wareno walijua kujenga. Marhoon akacheka.

"Wareno walikuta kuta. Mtu akivaa kanzu ya mwenzake, akaongeza kifungo, utasema kaishona yeye?"

Akanionyesha mawe ya chini ya mnara, makubwa, yasiyochongwa, ya watu waliotangulia mbele ya Wareno kwa karne nyingi. Hakuna ajuaye majina yao. Nilishuka nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu tuhamie.

Ijumaa, 3 Juni

Niandike kilichonipandisha jabali, maana si matembezi.

Mimi na mke wangu Mahbuba tuliingia nchi hii mwaka jana kwa dhamana ya ami yake wa Hail. Binti yetu Aliya, ambaye mumewe alifariki mwaka ule tuliokimbia Unguja, yuko Dubai na mwanawe Rahila, wamehifadhiwa katika chumba kimoja cha jamaa. Ruhusa ya kuja kwetu hawapati mpaka ithibitike asili yao, na asili hapa hufuata upande wa baba; Rahila, yatima, huhesabiwa pamoja na mama yake. Kwa hiyo ami wa Hail hafai. Nnatakiwa nilete mtu mzima, wa hapa hapa, atakayeapa kwamba anamjua babu yangu Suud na alikotoka.

Karani wa ombi letu anaitwa Ishaq. Mwezi uliopita nilimwandikia kwa mkono wangu: "Suud bin Khamis, akida wa Ngome ya Safa, Matrah, aliyesafiri kwenda Unguja." Hivyo ndivyo tulivyolelewa nyumbani. Nilimfundisha Aliya, na Aliya kamfundisha Rahila.

Muda si mrefu. Mwenye nyumba Dubai anamwoza mtoto wake baada ya msimu wa tende, na chumba anakitaka.

Alhamisi, 9 Juni

Joto. Majirani wamefunga mizigo juu ya punda, wanakwenda kwenye mitende Hail na Ansab. Msimu huu wanauita kaidhi: mji humwaga watu kama ndoo. Sisi tumebaki, karani asije akatuita tusiwepo.

Jumanne, 14 Juni

Nimekuwa nikipanda kila siku ya pili, nikimsikiliza Marhoon na kuandika tarehe za ngome. Leo niliona nimeshamzoea vya kutosha. Nikamwambia, "Sheikh Marhoon, mimi ni wa humu ndani. Babu yangu Suud bin Khamis alikuwa akida wa ngome hii. N'nakuomba unishuhudilie kwa karani."

Alikuwa akimimina kahawa. Akaliweka buli chini.

Lazima nieleze desturi yao. Ufunguo wa ngome ni wa mbao, mrefu kama mkono wa mtoto, na hautoki kwa mtu kwenda kwa mwengine peke yake. Hutoka na majina. Kila alfajiri, kabla ya kufungua, mlinzi huwataja maakida na walinzi wote walioushika kabla yake na kuwaombea rehema. Wako kumi na saba, na asiyeweza kuwataja hapewi. Marhoon akafumba macho akanitajia wote, polepole, akinihesabia kwa vidole. Nilimsubiri Suud baada ya jina la tano, baada ya la kumi. Hakuja.

"Huenda kuna aliyesahauliwa," nikasema.

"Hakuna."

"Miaka ni mingi, sheikh."

"Maalim, baba yangu aliniharibia utoto wangu kwa majina haya. Akinitajisha na tonge mdomoni. Suud hayumo."

Nikamwambia habari ya Aliya na ya chumba cha Dubai. Alinisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeumwa. Kisha akasema hawezi kuapa juu ya asiyemjua, hata kwa ajili ya mtoto wa mtu.

"Neno moja tu," nikasema. Naona haya kuliandika, lakini nililisema.

"Nikilisema hilo moja," akajibu, "hayo kumi na saba nitayatajaje kesho?"

Nilishuka bila ya kumuaga.

Jumatano, 15 Juni

Mzee mkaidi, hajui kusoma wala kuandika, amekaa juu ya jiwe na jina la binti yangu liko mkononi mwake.

Jumapili, 19 Juni

Upepo wa moto kutoka bara, wanauita gharbi. Tumetundika shuka zilizorowa madirishani, zikakauka kabla hatujateremka kwenye viti. Sikupanda.

Ijumaa, 24 Juni

Barua ya Aliya. Anasema hawajambo. Anasema siku zote hawajambo. "Rahila anawaambia wenzake kwamba tutakwenda kuishi chini ya ngome ya babu." Sikupanda.

Jumamosi, 2 Julai

Mahbuba ameuliza kwa nini ngome haina moshi. Mimi sikuona, nimekaa wiki mbili nikiipa mgongo. Ameuliza mtaani akaambiwa askari wote wawili wa ngome wamekwenda kuvuna kwao, na Marhoon yuko peke yake, ana homa.

"Chukua mchuzi huu wa papa umpelekee."

"Mpelekee wewe."

"Bwana Harub, vidato mia na arobaini na mbili, na magoti yangu haya? Mie sikugombana na mtu. Aliyegombana ndiye hupeleka chakula."

Nilipanda. Nilimkuta amelala kwenye chumba cha tende kwa sababu ndicho chenye baridi. Alikula, kisha akaniuliza nani kapika. Nikamwambia. Akasema: "Alhamdulillahi, nyumbani kwako yuko mwenye akili mmoja."

Jumanne, 5 Julai

Nimekaa na kalamu muda mrefu. Nitaandika kwa mpango, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi.

Chini ya uwanja wa ngome liko birika la kukinga mvua. Ngome inaweza kukosa mizinga ikabaki ngome, lakini bila ya maji ni jabali tu, na wengi waliozingirwa zamani walishindwa na kiu. Kila mwaka, kaidhi ikishika na maji yakishuka kabisa, birika hukwanguliwa na nyufa zake hupigwa saruji. Hii si ya gunia tuliyoijua Unguja. Ni udongo uliofinyangwa mikate, ukachomwa kwa magogo ya mitende, ukatwangwa unga, ukachanganywa na chokaa. Askari hawapo, Marhoon hana nguvu bado, na kazi haingoji. Nikamwambia nitamsaidia. Tukateremka kwa ngazi ya kamba, wazee wawili, mmoja ana homa na mmoja hajui kitu.

Ndani ni baridi na giza la kijani. Tulikuwa na fanusi moja. Marhoon akapita ukutani akigonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, kama tabibu kifuani. Akichanganya saruji, akachota kidogo kwa ncha ya kidole akaramba, akatema.

"Ina chumvi bado. Ukiipiga hivi, mwakani imepasuka."

Nikacheka. Nikamwambia, "Babu yangu alikuwa hivyo hivyo. Akipita msikitini Unguja, akigonga birika la kutawadhia, kisha akachokoa chokaa akairamba. Sisi wajukuu tukimcheka, bibi akatufukuza, akasema utu uzima ule."

Marhoon hakucheka.

"Aligonga kwa mkono gani?"

"Wa kushoto." Nilijibu upesi, maana nilikuwa naiona picha. "Kile kidole chake cha shahada kilikuwa hakikunjiki. Kimenyooka kama kalamu."

Akainua fanusi akanitazama usoni.

"Kiliungua kwa chokaa," akasema. "Hapa. Baba yangu alikuwa mtoto wa kumpondea. Suud bin Khamis, fundi wa saruji, wa Ansab. Birika lilipasuka mwaka wa mafuriko, wakaletwa mafundi watatu wakashindwa, akaja yeye. Ukuta huo uliouegemea ni wake. Sijawahi kuugusa, haujahitaji. Kila mwaka tukimaliza kazi, kabla ya kupanda ngazi, tunamwombea rehema."

Nikauachia ukuta, kana kwamba nimeuegemea bila ya ruhusa.

"Mbona hukunambia?"

"Uliniuliza akida, Maalim. Ungeniuliza fundi ningekujibu siku ya kwanza, na kahawa ikiwa moto."

Alhamisi, 7 Julai

Nani alimpa babu ule ukuu? Nimefikiri siku mbili. Yeye mwenyewe sikumbuki kamwe akijiita akida. Nadhani ni baba yangu, siku alipokwenda kumposa mama. Watu wa kwa mama walikuwa na majina makubwa, na yeye hakuwa na kitu ila jina la ngome. Likaingia harusini, likatoka na watoto. Hakuna nyumba yetu kule isiyokuwa na akida wake. Tungekusanya maakida wote wa Unguja, ngome zote za Omani zisingewatosha.

Tatizo liko hivi. Kwa karani iko karatasi, mwandiko wangu, inasema akida. Nikisema sasa fundi, nimejishuhudia kuwa mwongo, na ombi la mwongo hutupwa. Nikinyamaza, sina shahidi.

Na liko tatizo la pili ambalo ni la ndani. Aliya hana mume, hana nyumba, yuko kwa watu. Ana babu akida. Nimwondolee hata hilo?

Nilimwambia Mahbuba. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Mimi niliolewa na mwalimu, sikuolewa na akida. Nenda kwa karani." Baadaye kidogo akaongeza: "Ila huyo mzee ataachaje ngome?"

Jumatatu, 11 Julai

Hilo ndilo lililokuwa gumu, maana shahidi lazima afike mwenyewe kwa karani. Askari hawajarudi, na mlinzi hashuki na ufunguo wala hauachi ukutani. Marhoon hajashuka mjini tangu harusi ya mtoto wa dada yake, miaka minne. Jana alisema yuko tayari kuapa, ila hana wa kumwachia ufunguo.

Alfajiri leo Mahbuba alipanda. Alipumzika mara sita, kila mara akimlaani aliyejenga. Alipofika juu akajifunga vizuri buibui lake, akasimama mbele ya Marhoon akamtajia majina kumi na saba, kwa mpango, na rehema zao.

Marhoon aliduwaa. "Nani kakufundisha, mama?"

"Mume wangu kayaandika daftarini, akayasoma kwa sauti akiyatafuta makosa. Kumi na saba ni kitu? Mie nnajua nasaba za mtaa mzima wa Malindi kule Unguja, na za waliohama."

Akampa ufunguo kwa mikono miwili. Tulimwacha amekaa mlangoni juu ya jamvi, na tundu la asali juu ya kichwa chake.

Ishaq ni mtu wa miaka thelathini hivi, ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Mazungumzo yalikuwa ya Kiarabu, nayatia hapa kwa Kiswahili changu. Nilimwambia nimekuja kusahihisha. Akaitoa karatasi yangu, akaisoma, akaiweka juu ya meza tuitazame sote.

"Mwezi wa tano ulikuwa mjukuu wa akida. Leo mjukuu wa fundi. Mwezi wa kumi utakuwa mjukuu wa nani?"

"Wa huyo huyo," nikasema. "Ni mtu mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa simjui."

"Na ulifundisha historia."

"Miaka thelathini."

Akamgeukia Marhoon. Marhoon alikuwa amevaa kanzu yake ya idi na ametota jasho. Akaeleza birika, mafuriko, kidole, baba yake. Ishaq akamuuliza, je, aliwahi kuombwa kumshuhudia akida, na alijibu nini? Kisa hicho sikukitia katika maelezo yangu.

"Nilikataa," Marhoon akasema.

"Alikuomba useme uongo?"

Marhoon akanitazama. Nilikuwa sina haki ya kutegemea kitu kwake.

"Aliomba. Ni baba wa mtu. Nikamkatalia, akanuna siku kumi na nane, kisha akaniletea chakula. Muapishe na yeye, utaona."

Aliniapisha. Nikayasema yote, mbele ya watu wawili waliokuwa wakingoja zamu yao, na mmoja wao alikuwa amenipigia salamu ya maalim mlangoni. Nilisema kazi ya babu yangu kwa sauti niliyokuwa nikiitumia darasani.

Ishaq akaandika muda mrefu. Kisha akaweka mkono juu ya rundo la karatasi lililokuwa pembeni mwake.

"Hawa wote ni wajukuu wa maakida na masheikh," akasema. "Wa fundi ni wewe wa kwanza. Mtu hazui saruji, Maalim."

Hakuahidi kitu. Karatasi zitakwenda juu, kwa wakubwa wake.

Tuliporudi tulimkuta Mahbuba hajaondoka jamvini. Alikuwa amemfukuza mpita njia aliyetaka kuchungulia ndani.

Alhamisi, 28 Julai

Hakuna jawabu. Rutabu za kwanza, tende laini zilizoiva, kutoka Hail, kikapu cha ami wa Mahbuba.

Jumamosi, 13 Agosti

Hakuna jawabu. Nimemwuliza Marhoon kwa nini hakunifichia kwa karani. Akasema, "Ningekufunika pale, ningekuwa nimepiga saruji yenye chumvi." Zamani ningemwita mkaidi. Nnapanda kila asubuhi sasa. Pumzi imezoea.

Jumanne, 23 Agosti

Imekubaliwa. Aliya na Rahila, wote wawili. Ishaq amepeleka karatasi Dubai, na mimi nikapewa nakala niisome. Chini ya asili imeandikwa: "Kizazi cha Suud bin Khamis, fundi wa saruji." Mahbuba amelia, kisha akaanza kufua mapazia.

Nilitaka kumwandikia Aliya kwanza, nimweleze kwa taratibu. Kila barua niliyoianza niliichana.

Jumapili, 4 Septemba

Wamefika asubuhi, kwa meli, kisha mashua hadi pwani ya Matrah. Rahila amerefuka. Aliya amekonda na mikono yake imekuwa mikavu, ina madoa madogo ya kuungua, nikadhani ni maradhi.

Baada ya kula nikampandisha ngomeni, nikijiambia huko nitapata maneno. Rahila alitangulia na Mahbuba, ambaye siku hizi hupanda kama mwenye nyumba. Kwenye kidato cha themanini hivi, Aliya akaomba tupumzike. Tukakaa.

"Mwanangu," nikamwambia, "iko habari ya babu yetu."

"Naijua, baba. Iko kwenye karatasi."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma, nikamsomea Rahila. Kauliza saruji ni nini."

"Nilikufundisha sivyo. Unisamehe."

Aliitazama mikono yake. Kutoka juu tulisikia Rahila anahesabu vidato kwa sauti, na Marhoon anamsahihisha.

"Na mimi kuna jambo sikukuandikia," Aliya akasema. "Kule Dubai tulikuwa hatulishwi bure. Nilikuwa nnapika vitumbua, nnauza mlangoni asubuhi. Miezi kumi na tisa. Kila nikikaa kuandika barua, nikifikiri, vipi nitamwambia baba kwamba mjukuu wa akida amekaa kizingitini na sinia? Basi nikiandika hatujambo."

Nikamshika mkono, nikayatazama yale madoa ya mafuta moja moja.

"Vikinunuliwa?" nikamuuliza.

"Saa moja na nusu vimekwisha, baba. Watu wakija na sahani zao."

Tukakaa pale kidogo zaidi. Kisha akanivuta mkono, tukaendelea kupanda.